Manowari Petard na Siku Zake Mbili

Katika makaburi ya askari wa vita yaliyo karibu na Barabara ya Ngong, mjini Nairobi, upo ukumbusho uliojengwa kwa heshima ya watu wasio na kaburi linalojulikana. Miongoni mwa wanaokumbukwa pale wamo askari walioondoka Mombasa mwezi wa Februari, mwaka wa 1944, katika merikebu iliyoitwa Khedive Ismail, wakielekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, wasifike. Habari ya kufa kwao haiwezi kusimuliwa vyema pasipo kusimulia habari ya manowari moja ya Kiingereza iliyokuwapo siku ile. Manowari hiyo ilimwangamiza adui aliyewazamisha. Lakini katika kumwangamiza iliwaua pia baadhi ya watu iliyotumwa kuwalinda, nao walikuwa wakiogelea mbele ya macho yake.

Jina lake Petard. Zamani za vita vya ngome, petard kilikuwa chombo kidogo cha baruti kilichobandikwa langoni ili kulivunja. Manowari hii iliundwa katika karakana ya Vickers-Armstrongs, kando ya mto Tyne, kaskazini ya Uingereza; ikashushwa majini mwezi wa Machi 1941, na ikaingia kazini Juni 1942. Ilikuwa ya aina ya destroya. Aina hiyo ilizaliwa katika miaka ya 1890, kwa ajili ya kuharibu mashua ndogo za topedo zilizokuwa zikizitisha manowari kubwa. Katika vita viwili vya dunia kazi ya destroya ikageuka: ikawa mlinzi wa merikebu za mizigo na za askari, na mwindaji wa nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji.

Msomaji asidhani kwamba chombo hicho kilikuwa kikubwa cha kutisha. Petard ilikuwa na urefu wa futi 345, na mabaharia wapatao 200 waliosongamana ndani yake. Mbavu zake zilikuwa za chuma chembamba, zisizoweza kuzuia kombora la mzinga wa maana. Nguvu yake ilikuwa mbio, kwani iliweza kukimbia zaidi ya maili 35 za bahari kwa saa. Na silaha yake ya kuogopwa zaidi na nyambizi ilikuwa mabomu ya vilindini. Hayo yalikuwa mapipa ya chuma yaliyojaa baruti kali, ambayo yalitupwa majini yakazama, kisha yakalipuka yalipofikia kina kilichochaguliwa. Ili kujua mahali pa kuyatupa, manowari ilitumia chombo kilichoitwa Asdic: kilipeleka sauti chini ya maji, na sauti ilipogonga kitu kigumu ikarudisha mwangwi. Mbaharia aliyekuwa akisikiliza akapima mwangwi huo na kumwambia nahodha adui yu upande gani na umbali gani. Lakini mwangwi haukuweza kusema ni nani waliokuwa juu ya maji, mahali pale pale.

Kwa kuwa bahari ya Mediterania ilikuwa hatari mno kupita kutoka magharibi, Petard ilizunguka bara zima la Afrika kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema, ikaingia kwa Mfereji wa Suez. Nahodha wake wa kwanza alikuwa Mark Thornton, mtu mkali sana katika kazi. Tamaa yake kubwa haikuwa kuzamisha nyambizi tu. Alitaka kuiteka, aingize watu wake ndani yake kabla haijazama, achukue kila karatasi iliyomo. Akawafundisha watu wake kazi hiyo.

Kwa nini karatasi? Nyambizi za Kijerumani zilipeana habari kwa simu ya upepo, kwa maandishi ya mafumbo yaliyotengenezwa na mashine iliyoitwa Enigma. Waingereza walikuwa na wataalamu huko Bletchley Park, kaskazini ya London, waliokuwa wamekwisha kuyafumbua mengi. Lakini tarehe 1 Februari 1942 nyambizi za Atlantiki zilianza kutumia mashine mpya yenye gurudumu la nne, na tangu siku hiyo wataalamu wakawa kama vipofu. Kwa muda wa miezi kumi hivi merikebu zilizozilisha Uingereza zilizama nyingi mno, na hapakuwa na mtu London aliyeweza kusema kwa hakika adui anangoja wapi.

Sasa tufike kwenye siku ya kwanza kati ya siku mbili ninazotaka kuzieleza. Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1942. Nchi kavu, vita vya El Alamein vilikuwa vikiendelea. Baharini, kaskazini ya mlango wa Mto Nile, ndege ya doria iligundua dalili ya nyambizi, nazo Petard na destroya nyingine nne zikaitwa. Zilikuwa Pakenham, Hero, Dulverton na Hurworth. Zikaisaka nyambizi hiyo, U-559, kutwa nzima. Mabomu yakatupwa kwa makumi, lakini ilikuwa imeshuka chini kuliko kina ambacho mabomu yalikuwa yamewekwa kulipukia. Husimuliwa kwamba mabaharia wa Petard waliziba kwa sabuni matundu yaliyopitisha maji kwenye mtambo wa kulipulia, ili maji yachelewe kuingia na bomu lizame zaidi kabla ya kulipuka. Bei ya kipande cha sabuni haifiki hata kidogo bei ya bomu. Lakini vita vina mambo ya namna hiyo.

Yapata saa nne na nusu usiku U-559 ikaibuka, imevunjikavunjika. Petard ikaimulika kwa taa kubwa na kuipiga, nao Wajerumani wakajitupa majini. Ndipo Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier walipovua nguo wakaogelea mpaka kwenye nyambizi iliyokuwa ikizama polepole. Akawafuata kijana Tommy Brown, ambaye hakuwa askari hata kidogo. Alikuwa mtumishi wa kantini ya manowari, mwuza sigara na peremende. Alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa amedanganya umri wake ili apate kazi ya baharini.

Ndani ya nyambizi taa zilikuwa bado zinawaka. Fasson na Grazier wakavunja makabati ya nahodha wakatoa vitabu, naye Brown akavipokea na kuvipandisha ngazini, akawapa wenzake waliokuwa ndani ya mashua, akarudi tena. Maji yalikuwa yakiingia kwa matundu ya makombora. Brown aliwaita wapande. Wakaanza kupanda, na ghafula U-559 ikazama nao. Brown aliruka, akaokolewa. Wenziwe wawili hawakuonekana tena.

Kati ya vitabu alivyovipandisha Brown kilikuwamo kitabu cha kufupisha taarifa za hali ya hewa. Huenda msomaji akashangaa: taarifa ya mvua na upepo ina thamani gani? Thamani yake ni hii: mtu akijua mapema maneno yaliyofichwa ndani ya fumbo, aweza kurudi nyuma akautafuta ufunguo. Nazo nyambizi, zilipotuma taarifa hizo fupi, ziliacha gurudumu la nne bila kulizungusha, mashine ikawa sawa na ile ya zamani. Vitabu vilifika Bletchley Park tarehe 24 Novemba, na tarehe 13 Desemba 1942 wataalamu wakaanza tena kusoma habari za nyambizi za Atlantiki. Kuanzia hapo misafara mingi iliweza kuepushwa. Ni merikebu ngapi, na ni watu wangapi waliookoka kwa ajili hiyo, hesabu yake haiwezi kuandikwa, kwa sababu jambo ambalo halikutokea halina orodha.

Fasson na Grazier walipewa Msalaba wa George baada ya kufa, na Brown akapewa Nishani ya George. Lakini walichokitoa chini ya maji kilibaki siri mpaka miaka ya 1970. Nishani ilipotangazwa, umri wa kweli wa Brown ulikuwa umekwisha kujulikana. Mwaka wa 1945 moto uliwaka katika nyumba ya wazazi wake huko North Shields, naye akafa akijaribu kumwokoa dada yake mdogo. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini, wala hakujua kamwe vitabu vile vilikuwa vya nini.

Siku arobaini na sita baada ya U-559, tarehe 15 Desemba 1942, Petard pamoja na destroya ya Kiyunani, Vasilissa Olga, iliiteka nyambizi ya Kiitaliano kusini ya Malta. Ikajaribu kuivuta, nayo ikazama njiani. Jina lake lilikuwa Uarsciek. Jina hilo si la Italia: ni Warsheikh, mji wa pwani ya Somalia, kaskazini ya Mogadishu, ambao Waitalia waliuandika kwa tahajia yao. Hivi ndivyo tawala za zamani zilivyokuwa zikiyachukua majina ya watu wengine na kuyabandika kwenye vyombo vyao vya vita.

Mwaka wa 1943 sitauandika kwa urefu, ingawa manowari haikupumzika. Ilikuwapo Sicily, ilikuwapo Salerno. Lakini usiku mmoja wapasa kutajwa. Tarehe 24 Oktoba, katika visiwa vya Uyunani, destroya Eclipse iliyokuwa imejaa askari iligonga bomu la kutegwa baharini ikakatika. Petard ilikuwa pamoja nayo, ikasimama gizani, katika maji yaliyotegwa mabomu, ikaokota watu waliokuwa wakielea katika mafuta. Nautaja usiku huo ili msomaji ajue kwamba mabaharia wa Petard walijua kuokoa, na kwamba walikwisha kuwasikia watu wakilia majini.

Basi, mwanzo wa mwaka wa 1944, manowari ikawa katika Bahari ya Hindi chini ya nahodha mwingine, Rupert Egan. Wakati huo majeshi ya Afrika ya Mashariki yalikuwa yakipelekwa Ceylon, na kutoka huko Burma, kupigana na Wajapani. Mapema mwezi wa Februari msafara ulioitwa KR 8 ukatoka Kilindini. Ulikuwa na merikebu tano za askari, zikilindwa na manowari kubwa Hawkins, na baadaye destroya Petard na Paladin zikawa pamoja nao. Katika Khedive Ismail, ambayo jina lake ni la mtawala wa zamani wa Misri, walikuwamo watu 996 wa kikosi cha 301 cha wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki, waafrika pamoja na maofisa wao wazungu. Askari hao walikuwa wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha kambini ilikuwa Kiswahili. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, wauguzi wa kike zaidi ya hamsini, na wanawake wengine wa jeshi. Alikuwamo mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, aliyejulikana kabla ya vita kwa kuwapeleka duma wa Kenya London wakashindane mbio uwanjani.

Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, msafara ulikuwa ukipita kusini-magharibi ya visiwa vya Maldivi, katika mlango wa bahari uitwao Mlango wa Digrii Moja na Nusu, kwa kuwa uko umbali huo kaskazini ya Ikweta. Bahari ilikuwa shwari na jua lilikuwa kali. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, na katika ukumbi wa Khedive Ismail wengi walikuwa wamekusanyika kusikiliza muziki. Wapata saa nane na nusu, topedo mbili za nyambizi ya Kijapani I-27 zikaipiga merikebu. Ilizama kwa muda wa dakika mbili tu. Mwanafunzi na aitazame saa, ahesabu dakika mbili, kisha afikiri juu ya askari aliyekuwa vyumba vya chini, ambaye labda tangu azaliwe mpaka juma lile hakuwa amepata kuiona bahari.

Merikebu nne zilizosalia zikatawanyika na kukimbia, kama ilivyokuwa amri. Hawkins ikaenda nazo. Paladin ikasimama, ikateremsha mashua, ikaanza kuwaokota waliokuwa wakielea, wengine wameshika mbao, wengine wameshikana wao kwa wao. Petard ikazunguka ikitafuta. Ndipo Asdic ilipoleta mwangwi. I-27 ilikuwa chini, na juu yake, kati ya nyambizi na jua, walikuwa wale watu.

Egan alikuwa na jambo la kukata, na muda mchache wa kulikata. Akingoja mpaka wote waokotwe, Paladin imesimama tuli, shabaha ambayo hata mtoto asingeikosa. I-27 ilikuwa kubwa. Urefu wake ulipita urefu wa Petard yenyewe, na juu ya maji iliweza kukimbia kupita merikebu za askari. Usiku ukiingia ingeweza kuibuka, ikazifuata zile nne, nazo zilikuwa na maelfu ya watu ndani yake. Haya yote yalikuwa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili walikuwa watu mia kadhaa waliokwisha kuokoka, wakiiona manowari yao inakuja, wakidhani inakuja kuwachukua.

Petard ikaja mbio ikapita katikati yao, ikitupa mabomu ya vilindini.

Bomu la namna hiyo likilipuka karibu na mtu aliye majini, nguvu ya maji humpasua viungo vya ndani hata kama ngozi yake haina jeraha. Petard ilitupa zaidi ya mara moja. Mabaharia waliokuwa nyuma ya manowari, wakiyasukuma mapipa kwa mikono yao, waliona nyuso za watu waliokuwa majini.

Mwishowe I-27 ikaibuka, imeumizwa lakini haijafa. Paladin ikaielekea ili iigonge kwa omo yake. Ikageuza mwishoni, na bawa la chuma la nyambizi likaipasua ubavu, ikawa haiwezi kuendelea. Petard ikapiga kwa mizinga yake ya inchi nne. Makombora yakagonga gamba lile nene yakashindwa kulitoboa. Ikatupa topedo moja, ikakosa. Ikatupa ya pili, ikakosa. Ikaendelea hivyo mpaka ya saba, ambayo ilipiga, na I-27 ikapasuka ikazama. Katika mabaharia wake wapatao mia, akaokotwa mmoja.

Watu 1,297 wa Khedive Ismail walikufa, na 77 kati yao walikuwa wanawake. Waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Ni wangapi kati ya wafu waliouawa na topedo za adui, na ni wangapi waliouawa na mabomu ya rafiki, bahari haikutenga. Kwa kuwa Paladin ilikuwa imejeruhiwa, watu iliyokuwa imewaokota walihamishiwa Petard. Wakapanda staha ile ile iliyotupa mabomu, wakapewa chai na mablanketi na watu wale wale walioyatupa. Petard ikaivuta Paladin mpaka kituo cha manowari cha Addu, kusini ya Maldivi.

Nimewahi kusikia watu wawili wakibishana juu ya Egan, na kila mmoja alikuwa na hoja. Mmoja alisema kwamba nahodha ni kama mganga anayekata mguu ili mwili upone. Wa pili akajibu kwamba mguu hauna mama nyumbani. Mimi naona kwamba kwa hesabu ya vita Egan hakukosa, kwani I-27 isingezama siku ile, watu wa merikebu nyingine wangeweza kuzama kesho yake. Lakini naona pia kwamba hesabu hiyo ni rahisi kwetu sisi tulioketi juu ya viti vikavu. Nisingeweza kumweleza mjane wa mpiga mizinga, akiwa mlangoni pake huko shambani, kwamba mumewe alihesabiwa akaonekana wachache kuliko wengine. Na jambo moja zaidi: wale waliohesabiwa hawakuulizwa. Wengi wao hawakuulizwa pia kama vita vile ni vyao.

Petard ilipata sifa ya kuzizamisha au kushiriki kuzizamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya adui, Ujerumani, Italia na Japani. Vitabu vya manowari hupenda sana kuandika jambo hilo, nalo ni kweli. Baada ya vita iliwekwa pembeni. Katika miaka ya 1950 ikageuzwa umbo, ikafanywa frigeti ya kuwindia nyambizi. Na mwaka wa 1967 ikavutwa mpaka Bo'ness, katika Uskoti, ikakatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu. Khedive Ismail na I-27 zimebaki chini, katika mlango ule ule wa bahari, na merikebu zitokazo Kilindini kwenda Colombo bado hupita katika maji yale.